Galileo na jiwe la kutupwa juu

Wandugu wanafunzi, katika fizike wengi wetu tunachanganya urefu na mbio ya jiwe lililotupwa juu. Galileo naye alikosea kwanza.

Alizaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564. Baba yake, mpiga muziki, alitaka asomee udaktari. Yeye akafuata hesabu. Kwenye mwaka 1590, akiwa mwalimu kule Pisa, aliandika kwamba jiwe likianguka, mbio inaongezeka kwa muda tu, kiisha inabaki ileile. Maandishi hayo hakuyachapisha.

Kule Padova akaanza upya. Aliteremsha tufe la shaba kwenye ubao ulioinama, akapima wakati kwa maji yenye kutiririka. Akaona mbio inaongezeka sawasawa bila kuachia. Jiwe lenye kupanda linapoteza mbio kwa kipimo kilekile.

Tuhesabu: tunalitupa kwa metre 20 kwa segonde. Kiisha segonde moja liko juu karibu metre 15, mbio yake 10. Kiisha segonde mbili, metre 20, na mbio ni sifuri. Pale juu kabisa mbio imekwisha, lakini uzito haukukwisha. Njo maana linarudi.

Mwaka 1633 baraza la kanisa la Roma lilimhukumu kwa kuunga mkono fundisho kwamba dunia inazunguka jua. Akiwa amefungiwa nyumbani, alimaliza kitabu juu ya mwendo. Kikachapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638. Wakati huo alikuwa kipofu. Akafa mwaka 1642.

Basi, aliyekosea interogasio asikate tamaa: apime tena.