Mutisya Munge: Fundi, Siri na Haki ya Ubunifu

Msafiri atokaye Matinyani katika Kitui kuelekea Machakos hupitia Wamunyu, kituo ambacho sifa zake za uchongaji zimevuka bahari. Sifa hizo hufungamanishwa na mtu mmoja, Mutisya Munge, ambaye hutajwa kuwa baba wa uchongaji wa kibiashara miongoni mwa Wakamba. Hata hivyo, maisha yake yanabeba pia swali zito kwa kila mbunifu: ni kipi hasa anachoweza kukiita chake, na ni kipi kinachomponyoka pindi anapokitoa hadharani?

Munge alizaliwa katika jamii iliyoizoea tezo. Wakamba walichonga vinu, miko, na vigoda vya wazee vilivyotiwa nakshi ya waya. Vyombo hivyo vilikuwa vya matumizi na heshima ya nyumbani, si vya soko la wageni. Munge mwenyewe alikuwa fundi wa kazi hiyo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vya 1914 hadi 1918, kumtoa kwao na kumfikisha katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Huko aliwakuta wachongaji waliotengeneza sanamu za kuuza. Watafiti wengi huwataja Wazaramo wa viunga vya Dar es Salaam. Jicho la fundi halikuhitaji mwalimu. Vita vilipomalizika, alirejea Wamunyu akiwa na wazo jipya: kwamba mti ungeweza kumlisha mtu.

Alianza kuchonga sanamu na kuwauzia Wazungu. Husimuliwa kwamba mwanzoni hakuipigia mbiu kazi yake, bali ujuzi ulibaki ndani ya familia kwa muda. Kwa lugha ya sheria, Munge alikuwa akitumia kinga kongwe kuliko zote, yaani siri ya biashara. Kinga hii haihitaji ada wala cheti, na hudumu maadamu siri haijafichuka. Udhaifu wake ni kwamba ikishafichuka kwa njia halali, hairudi. Mchongaji naye hawezi kuificha siri yake milele, kwa kuwa kila kinyago anachokiuza ni somo kwa atakayekichunguza. Wanawe walijifunza, jamaa wakafuata, kisha majirani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia biashara ilipanuka, na kufikia miaka ya 1950 vinyago vya Wakamba vilikuwa vikisafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Mwaka 1963 wachongaji waliohamia Mombasa walikuwa na chama chao cha ushirika huko Changamwe.

Je, Munge aliibiwa? Jibu si jepesi. Hataza, yaani haki ya kipekee anayopewa mvumbuzi na dola, hudai uvumbuzi uwe mpya duniani kote. Mbinu ambayo Munge aliiona kwa wenzake wa pwani haikuwa mpya, na kama angewazuia majirani zake, Wazaramo nao wangekuwa na neno la kumwambia. Isitoshe, mlango wenyewe ulikuwa mbali: hadi Sheria ya Mali ya Viwandani ya 1989 ilipotungwa, hataza ilisajiliwa Kenya baada tu ya kutolewa Uingereza.

Hata hivyo, si kila kitu kilikuwa cha wote. Sheria hulitenga wazo na umbo lake. Wazo la kuchonga twiga ni la kila mtu. Twiga fulani, aliyechongwa kwa mkono wa fundi fulani, ni kazi ya sanaa yenye mwenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki hiyo huzaliwa pamoja na kazi, haingojei usajili, na hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Umbo jipya la bidhaa laweza kusajiliwa kama ubunifu wa viwandani kwa miaka 5, na kurefushwa hadi 15. Ni salama mbunifu aombe kabla ya kulianika sokoni. Alama ya biashara husajiliwa kwa miaka 10 na huweza kuhuishwa bila kikomo. Hapa ndipo hasara kubwa ilipotokea. Vinyago vingi vya Ukambani viliuzwa bila jina la fundi wala la kijiji. Mnunuzi wa mbali aliijua Afrika, asiijue Wamunyu, na faida ikabaki kwa mchuuzi wa katikati.

Funzo hili linawahusu pia wafumaji wa viondo wa Matinyani na Ukambani kwa jumla. Ufumaji wa mkonge haukubuniwa na mtu mmoja; ni urithi wa vizazi, kwa hiyo hataza haiufai. Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016, inayoitambua jamii yenyewe kuwa mwenye haki. Vikundi vinaweza pia kusajili alama ya pamoja, ili kiondo kiende sokoni na jina la kilikotoka.

Munge hakuacha cheti chochote cha umiliki kinachojulikana. Aliacha riziki ya maelfu ya familia, riziki ambayo pengine isingalikuwapo kama siri yake ingedumu. Utajiri wa kijiji ulitokana na ujuzi uliosambaa. Umaskini wa fundi ulitokana na jina lisiloandikwa. Anayetaka kumuenzi Munge hana haja ya kuufungia ujuzi sandukuni. Aufundishe, lakini kabla ya kuipeleka kazi yake sokoni, aitie jina lake.