HAYATI KIVOI WA MWENDWA, MCHAPA KAZI WA KITUI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Huenda ukasema, ala! sisi watu wa Kitui upwa tutautoa wapi, na bahari wengi wetu tunaisikia kwenye redio tu? Kumbe hapo ndipo tunapokosea. Zaidi ya miaka 170 iliyopita palikuwa na mtu wa papa hapa Kitui aliyegaagaa barani na upwani, na chakula chake hakikukosa kitoweo. Mtu huyo ni hayati Kivoi wa Mwendwa. Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, naomba mnitegee sikio niwasimulie habari zake.

Mimi nilianza kumfikiria Kivoi kwa sababu ya alama moja. Katika mtihani wa historia tuliulizwa Kivoi alikuwa nani. Nikaandika chapuchapu kwamba ndiye aliyemwonyesha mmishenari Krapf Mlima Kenya. Nikapewa alama yangu moja, nikafurahi. Jioni nikienda nyumbani (mimi natembea, si unajua sisi wa shule ya kutwa) wazo likanijia. Mtu mzima anaishi, anafanya kazi hadi jasho linamtiririka, anakufa, halafu sisi tunamkumbuka kwa alama moja tu? Tena alama yenyewe ni ya habari za mgeni wake! Tangu siku hiyo nikawa nauliza walimu, nasoma maktabani na kumsumbua nyanya yangu kwa maswali.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba Kivoi hakurithi ukubwa. Vitabu vingi humwita Chifu Kivoi, lakini zamani hizo Wakamba hatukuwa na chifu wala mfalme. Machifu waliletwa na serikali ya Waingereza baadaye. Mambo ya watu yaliamuliwa na wazee katika baraza lao, yaani nzama. Mtu akitaka kuwa mkubwa ilibidi aonekane kwa kazi yake, kwa mali yake na kwa jinsi anavyowalisha watu. Kivoi alipanda ngazi hiyo kwa miguu yake mwenyewe, na ninaposema miguu nina maana ya miguu kweli.

Kazi yake ilikuwa biashara ya pembe za ndovu. Katika karne ya 19, hasa kabla ya mwaka 1850, Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa njia ya kutoka bara hadi Mombasa. Wawindaji wetu walikuwa hodari wa mishale ya sumu. Pembe zilikusanywa hapa Kitui na ng'ambo ya mto Tana, kisha zikabebwa mabegani hadi pwani. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na njiani kuna nyika kavu, simba, kiu na maadui. Hapakuwa na lori wala matatu. Misafara ilitembea pamoja, watu kwa mamia, wenye silaha wakilinda wenye mizigo. Walirudi na vitambaa, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kivoi ndiye aliyevuma zaidi ya wote katika kazi hiyo. Mombasa alijulikana, na upande wa Mlima Kenya alijulikana pia.

Hapa naomba nitoe siri yangu kidogo. Mama yangu ni mchuuzi. Hununua ndengu kwa wakulima, na msimu wa maembe huvuka hadi Makueni kununua maembe, kisha hupanda lori usiku akaenda kuuza soko la Kongowea, Mombasa. Anarudi macho mekundu kama pilipili. Kuna wenzangu waliokuwa wakinicheka ati mimi ni mtoto wa mama ndengu, na siku nyingine nilikuwa napita mbali na soko ili nisionekane naye. Lakini niliposoma habari za Kivoi nikaona aibu kwa sababu nyingine. Lori la mama hushuka kutoka Kitui hadi Kibwezi ndipo lishike barabara ya Mombasa. Upande huo wa Kibwezi, zamani ukiitwa Kikumbuliu, misafara ya Wakamba ilipita ikienda pwani. Basi kumbe mama yangu anafanya kazi iliyompa Kivoi jina! Sasa Jumamosi namsaidia kushona magunia, na anayetaka kucheka acheke.

Tuendelee. Johann Ludwig Krapf alikuwa mmishenari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai. Mwanzoni mwa Novemba 1849 alianza safari ya kuja Ukambani. Alipita Kikumbuliu, akavuka mto Athi na Yatta, akafika kwa Kivoi karibu na mwisho wa mwezi. Hebu fikiria: mgeni wa rangi asiyoijua mtu, lugha yake ngeni, hana pembe wala shanga nyingi za kuuza. Kivoi alimkaribisha, akampa mahali pa kulala na chakula. Akamweleza pia kwamba kaskazini kuna mlima mkubwa ambao kileleni pana kitu cheupe. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka kidogo, na Krapf akauona mlima huo akiwa hapa Kitui.

Mimi mwenyewe nimeuona asubuhi mara chache, anga likiwa safi. Unatokea mbali kama jino, halafu ukipepesa macho haupo.

Kikamba hatuna sauti ya r, ndiyo maana mlima ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga sisi tunauita Kiinyaa. Wazee wengine husema ni mlima wa nyaa, yaani mbuni, kwa kuwa una weusi na weupe kama manyoya ya ndege huyo. Krapf aliandika jina jinsi alivyolisikia huku kwetu. Mwaka 1920 jina Kenya likawa la koloni, na mwaka 1963 likawa la taifa huru. Kwa hiyo kila tunapoimba wimbo wa taifa, sauti ya Kitui imo ndani. Ulaya kwenyewe msomi mmoja wa London, William Desborough Cooley, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwako karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji msomi amthibitishie. Yeye alikuwa ameufikia upande huo kwa biashara zake.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwaka 1851 Krapf alirudi, na mwezi wa Agosti Kivoi akaondoka naye kuelekea mto Tana. Karibu na mto wakashambuliwa na wanyang'anyi. Wengi wa msafara walikimbia. Kivoi aliuawa pale pale, pamoja na watu waliokuwa karibu naye. Krapf aliponea chupuchupu. Alijificha vichakani mchana na kutembea usiku, na maji ya mto aliyabeba katika mfuko wa darubini na ndani ya mitutu ya bunduki yake. Alipofika huku, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, hata wakataka kumwua. Akatoroka usiku, akarudi Rabai. Siwalaumu sana. Nyumba iliyoondokewa na nguzo hutafuta wa kumshika shati.

Nilipoeleza habari hizi katika Chama chetu cha Kiswahili, msichana mmoja aliinuka akaniuliza swali lililoniziba mdomo. Je, si kweli kwamba Kivoi alikuwa na watumwa? Ni kweli. Alikuwa nao, kama matajiri wengi wa njia ile. Nilikaa chini bila jibu, na usingizi siku hiyo ulichelewa. Sasa naweza kujibu hivi: kazi yake nitaisifu, lakini nitakumbuka pia kwamba mizigo mingine ya Kivoi ilibebwa na watu ambao hawakuulizwa kama wanataka, na majina yao hayako katika mtihani hata kwa alama moja. Ukimkumbuka marehemu, mkumbuke mzima mzima, si nusu.

Jambo la mwisho ni la sisi wanachama. Krapf huyu ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili, na mwaka 1850 akatoa orodha ya maneno ya lugha sita, Kikamba ikiwa mojawapo. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Jina lake limebaki kwenye majalada ya vitabu. Jina la Kivoi limebaki midomoni mwa watu kama nyanya yangu, ambao hawaandiki.

Basi, wenzangu, ukiulizwa Kivoi alikuwa nani, andika kwamba alionyesha mlima, upate alama yako. Halafu, hata kama mwalimu hataiongeza alama, ongeza kwamba alikuwa mchuuzi wa Kitui, mwenye bidii, aliyempokea mgeni na kufia njiani akiwa kazini.

Kalamu yangu naiweka chini. Mama ananiita, lori limefika.