Robert-Houdin, fundi wa saa aliyefichua siri za karata

Kama umewahi kuona kijana pembeni ya soko anapanga karata tatu juu ya katoni, unajua mchezo wenyewe. Mbili nyeusi, moja nyekundu. Weka makuta yako, onyesha ile nyekundu iko wapi. Wa kwanza anashinda, wa pili anashinda, wewe unapoteza. Wafaransa wanauita bonneteau. Yule wa kwanza na yule wa pili ni watu wa mwenye karata. Na siri ya mkono ni ndogo tu: anashika karata mbili katika mkono mmoja, moja juu ya ingine, unafikiri anaangusha ile ya chini, kumbe ameangusha ya juu. Kutoka pale macho yako yanafuata karata isiyo yenyewe.

Mambo ya namna hiyo yalielezwa kitabuni tangu mwaka 1861 na Mfaransa Jean-Eugène Robert-Houdin. Habari zake zinatugusa sisi Waafrika kuliko tungefikiri, juu serikali yake ilimtuma Algeria ili mikono yake ifanye kazi ya bunduki.

Alizaliwa Blois, Ufaransa, mwezi wa 12 mwaka 1805, jina lake Robert tu. Baba yake alikuwa fundi wa saa, lakini hakutaka mtoto ashike kazi ile. Alimtaka awe mtu wa sheria. Kijana akawekwa kwa notere kunakili makaratasi, akachoka, mwishowe akaachwa ajifunze saa kwa ndugu yake. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba siku moja aliagiza vitabu vya ufundi wa saa, muuzaji akakosea, akampa vitabu vya michezo ya kuchezea watu macho. Hakuvirudisha.

Hapo akaanza mazoezi. Alitembea barabarani mikono ndani ya mifuko ya koti, vidole vinageuza karata bila mtu kujua. Mwaka 1830 alioa Églantine Houdin, binti wa fundi wa saa, akaunganisha majina mawili. Mwaka 1843 Églantine akafariki na kumwachia watoto wadogo. Akaoa tena, na tarehe 3 mwezi wa 7 mwaka 1845 akafungua jumba lake dogo la michezo kule Palais-Royal, Paris, viti karibu 200. Alivaa nguo za kawaida za mtu wa heshima, hakuvaa kanzu za nyota kama wengine.

Nani alimfundisha karata? Yeye anamtaja mzee Torrini, mchezaji wa kusafiri aliyemwokoa barabarani alipokuwa mgonjwa. Watafiti wamemtafuta huyo Torrini katika maandishi ya wakati ule, hawakumwona, na wengi wanasema alimtunga. Ndiyo shida ya kutafuta mwenye mchezo wa karata: kila mmoja anakuambia alipewa na mtu mwingine, na yule mwingine hayuko. Tayari mwaka 1584, kule Uingereza, Reginald Scot alikuwa ameeleza michezo kadhaa ya karata katika kitabu chake. Aliandika ili watu waache kuua wenzao kwa kuwashitaki ulozi. Kwetu huku, ambako bado mabibi wazee wanafukuzwa na hata kuuawa kwa neno hilo moja, kitabu kile hakijazeeka.

Turudi kwa Robert-Houdin. Anasimulia kwamba mwaka 1849 juge mmoja wa Paris alimpa paketi 150 za karata zilizokamatwa kwa mtu aliyeshukiwa kudanganya. Migongo yote myeupe, bila alama. Aliziangalia kwa siku nyingi, kwa jicho tupu na kwa kioo cha kukuza. Hakuna kitu. Kwa hasira akazitupa mezani, na taa ikapiga upande mmoja wa karata: akaona kidoa kidogo kisichong'aa kama sehemu zingine. Akachukua nyingine, kidoa kiko, lakini mahali pengine. Pahali pa kidoa ndipo palisema hii ni karata gani. Kutoka kazi za namna hiyo ndipo kilizaliwa kile kitabu cha 1861, chenye kufichua ujanja wa wale ambao Wafaransa wa siku zile waliwaita Wagiriki, maana yake matapeli wa karata. Mwaka 1868 akatoa kingine cha kufundisha michezo yenyewe, na humo karata zina nafasi kubwa.

Basi mtu huyu aliyefungua macho ya watu Paris, mwaka 1856 alikwenda Algiers kuyafunga. Ofisi ya jeshi la Ufaransa iliogopa marabuti, viongozi wa dini waliowaamsha watu wakatae ukoloni. Mbele ya wakubwa wa makabila alileta sanduku ambalo mtoto anaweza kulibeba, kisha akamwita mwanaume wa nguvu alinyanyue. Akashindwa, juu chini ya jukwaa kulikuwa smaku ya umeme. Halafu umeme ukampiga mikononi, akakimbia. Akajifanya pia kukamata risasi iliyofyatuliwa kwake. Kwa maoni yangu, hapa hakuna tofauti na yule wa karata tatu: chombo kimefichwa, na anayepoteza hajui anacheza na nani. Halafu tukumbuke, sehemu kubwa ya habari hizo tunazipata kwake yeye mwenyewe, mtu ambaye labda alitunga hata mwalimu wake.

Na je, Waalgeria walinyamaza? Mwaka 1857 jeshi lilibidi kupigana vita vikubwa Kabylie. Mwezi wa 3 mwaka 1871 El Mokrani akainua uasi mkubwa. Mzee alikuwa Saint-Gervais, karibu na Blois, akiomboleza: mtoto wake Eugène, ofisa wa Zouaves, jeshi lililoundwa Algeria, alikufa kwa majeraha ya vita vya Reichshoffen vya mwezi wa 8 mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Waprusia. Robert-Houdin alifariki tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 1871, miaka 65.

Jumba lake lilinunuliwa mwaka 1888 na Georges Méliès, yule wa filamu za kwanza. Na kule Marekani kijana Ehrich Weiss alimpenda mpaka akajiita Houdini. Alipokomaa, mwaka 1908, akaandika kitabu kizima kumshitaki kwamba michezo yake mingi aliichukua kwa wengine. Jina hakulibadilisha.