Wanjiru: Kijana wa Nyahururu aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya marathoni

Kwa miaka 40 Kenya ilizoea kurudi kutoka Michezo ya Olimpiki ikiwa na dhahabu za mbio za uwanjani. Tangu Naftali Temu aliposhinda mita 10,000 mjini Mexico City mwaka wa 1968, vijana wa taifa hili walitamba katika mita 800, mita 1,500 na kuruka viunzi na maji. Marathoni pekee ndiyo iliyokuwa mfupa mgumu.

Si kwamba hakuna waliojaribu. Douglas Wakiihuri, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia jijini Rome mwaka wa 1987, alipata fedha mjini Seoul mwaka wa 1988. Eric Wainaina, mzaliwa wa Nyahururu, alitwaa shaba Atlanta mwaka wa 1996 na fedha Sydney mwaka wa 2000. Catherine Ndereba wa Nyeri, bingwa wa dunia wa mwaka wa 2003 na 2007, aliambulia fedha Athens mwaka wa 2004 na tena Beijing mwaka wa 2008.

Wiki moja baada ya Ndereba kupokea nishani yake ya Beijing, kijana mwenye umri wa miaka 21 aliumaliza ukame huo. Jina lake lilikuwa Samuel Kamau Wanjiru.

Wanjiru alizaliwa Novemba 10, 1986, Nyahururu, mji wa nyanda za juu ulio karibu na mstari wa Ikweta, kwenye barabara itokayo Nyeri kuelekea Rift Valley. Mji huo unajulikana na wageni kwa maporomoko ya maji ya Thomson, lakini kwa wanariadha sifa yake ni nyingine. Upo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na baridi, na vijia vyake vya udongo vimelea wakimbiaji wengi, akiwemo John Ngugi, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano.

Alilelewa na mama yake katika hali ya ufukara. Jina alilokuja kutambulika nalo duniani lilitokana na mzazi huyo, kwani Wanjiru ni jina la kike miongoni mwa Wakikuyu, nalo hutajwa katika hadithi ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi. Hivyo kila tangazo la ushindi wake lilitaja pia jina la mama aliyemlea.

Mbio ndizo zilizomfungulia mlango. Mwaka wa 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alisafiri hadi Japani kusoma katika shule ya upili ya Sendai Ikuei, mojawapo ya shule zinazosifika kwa ekiden, mbio za barabarani za kupokezana ambazo Wajapani wanazienzi mno. Wakiihuri na Wainaina walikuwa wamepitia nchi hiyo hiyo kabla yake.

Huko alijifunza lugha, nidhamu na kazi ya kila siku. Alipohitimu mwaka wa 2005 alijiunga na timu ya Toyota Kyushu, chini ya kocha Koichi Morishita, mshindi wa nishani ya fedha ya marathoni katika Olimpiki za Barcelona za mwaka wa 1992.

Matunda hayakukawia. Agosti mwaka huo wa 2005 alikimbia mita 10,000 jijini Brussels kwa dakika 26:41.75, rekodi ya dunia ya chipukizi. Majuma mawili baadaye, mjini Rotterdam, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa muda wa dakika 59:16, akiupiku kwa sekunde moja muda wa Paul Tergat. Alikuwa na umri wa miaka 18.

Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliichukua rekodi hiyo Januari 2006, lakini kijana hakukubali. Februari 2007 aliirejesha mikononi mwake mjini Ras Al Khaimah, na mwezi uliofuata akaipunguza tena mjini The Hague hadi dakika 58:33.

Desemba 2007 aliingia katika marathoni kwa mara ya kwanza, mjini Fukuoka, akashinda kwa saa 2:06:39. Aprili 2008 alimaliza wa pili London nyuma ya Martin Lel. Baada ya hapo safari ikawa ya Beijing.

Agosti 24, 2008, wengi walitarajia mbio za tahadhari. Marathoni za ubingwa kwa desturi huwa za kusubiriana: wakimbiaji hukaa pamoja, hulindana kwa macho, na vita huanza zikisalia kilomita chache. Joto na unyevu wa Beijing vilionekana kuwa sababu zaidi ya kwenda polepole.

Wanjiru alifanya kinyume. Kilomita tano za kwanza zilikatwa kwa chini ya dakika 15, kasi ambayo wachache waliamini ingedumu katika hali hiyo ya hewa. Kundi likapukutika kama majani ya kiangazi, wakabaki wachache, miongoni mwao Deriba Merga wa Ethiopia na Jaouad Gharib wa Morocco, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara mbili.

Mwishoni kijana wa Nyahururu aliwaacha wote. Aliingia uwanjani peke yake na kumaliza kwa saa 2:06:32, sekunde 44 mbele ya Gharib, huku Tsegay Kebede wa Ethiopia akitwaa shaba. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes wa Ureno, iliyokuwa imedumu tangu mwaka wa 1984, ilishushwa kwa karibu dakika tatu. Tangu mwaka wa 1932 marathoni ya Olimpiki haikuwa imepata mshindi mwenye umri mdogo hivyo.

Siku hiyo ilibadilisha namna mbio hizo zinavyokimbiwa. Wanjiru alionyesha kwamba hata penye joto na bila wasaidizi wa kuongoza kasi, mtu anaweza kushambulia tangu mwanzo na kushinda.

Mwaka wa 2009 alishinda London kwa saa 2:05:10 na Chicago kwa saa 2:05:41. Oktoba 2010, akiwa ametoka kuugua, alirudi Chicago na kupigana bega kwa bega na Kebede hadi mita za mwisho, kisha akachomoka na kushinda. Ushindi huo ulimpa taji lake la pili mfululizo la mfululizo wa marathoni kubwa za dunia, kila taji likiwa na zawadi ya dola 500,000 za Marekani.

Hizo zilikuwa mbio zake kubwa za mwisho. Nyumbani mambo yalikuwa yameanza kwenda mrama. Utajiri ulikuwa umemfikia kijana ambaye miaka michache kabla alikuwa chini ya uangalizi wa shule na kocha, na sasa alikuwa mbali nao. Mwishoni mwa mwaka wa 2010 alifikishwa mahakamani Nyahururu kwa mashtaka yaliyohusu bunduki na mgogoro wa kinyumbani, akayakanusha.

Usiku wa Mei 15, 2011, alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 24. Maelezo ya namna alivyoanguka yalitofautiana, familia ikagawanyika, na mazishi yakacheleweshwa hadi Juni 11, alipozikwa katika shamba lake.

Mlango alioufungua haukufungwa. Eliud Kipchoge aliiletea Kenya dhahabu ya marathoni mjini Rio de Janeiro mwaka wa 2016, na tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021. Hata hivyo rekodi ya Beijing ilibaki ya Wanjiru kwa miaka 16. Ilivunjwa Agosti 2024 jijini Paris na Tamirat Tola wa Ethiopia, kwa tofauti ya sekunde sita tu.

Mwaka huo huo, mwezi Februari, Kenya ilimzika Kelvin Kiptum, mshikilizi wa rekodi ya dunia ya marathoni, aliyefariki katika ajali ya barabarani. Naye alikuwa na umri wa miaka 24. Kwa wakazi wa Nyahururu, habari hizo zilitonesha kidonda walichokijua vyema.