Emin Pasha na Daftari Lake

Sisi wa Tabora tukizungumza habari za wasafiri wa zamani, twataja Livingstone na Stanley tu. Emin Pasha twamsahau, naye alipita njia hii hii ya misafara. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Alizaliwa Oppeln mwaka 1840, akasomea udaktari, akatumika kwa Waturuki, kisha akaenda Sudan. Mwaka 1878 Gordon alimfanya Gavana wa Jimbo la Equatoria.

Habari za ugavana wake wengi wamekwisha kuziandika. Mimi nampendea daftari lake. Aliandika hali ya hewa, joto na mvua, akakusanya na ndege wa kupeleka Ulaya. Macho yake yalikuwa mabovu, hata alilazimika kusogeza kitu karibu na uso ndipo akione. Vita vya Mahdi vikamtenga na dunia, naye hakuiacha kazi hiyo.

Stanley alimleta Bagamoyo tarehe 4 Desemba, 1889. Usiku ule, karamuni, Emin akaanguka kutoka ghorofani, akaumia kichwa vibaya. Alipopona akaingia kazi ya Wajerumani. Mwaka 1890 alipanda bara pamoja na Dakta Stuhlmann, akatweka bendera yao hapa Tabora, kisha akajenga boma Bukoba.

Mwaka 1891 wakafika Ruwenzori. Stuhlmann alipanda kiasi cha mita 4,000, na theluji ilikuwa bado juu yake. Lakini hata wangeifikia, chombo cha kupimia mvua kisingewafaa sana. Tone la mvua ni zito, huanguka ndani. Theluji ni nyepesi kama sufi. Upepo huipitisha juu ya mdomo wa chombo, na pengine huizoa ile iliyokwisha kuanguka chini na kuitia ndani, chombo kikadanganya mara mbili. Hata leo, katika nchi za baridi kali zilizo kwenye ncha za dunia, wapimaji huzungushia chombo ua wa mbao kuzuia upepo, au husimika nguzo wakasoma kimo cha theluji.

Baadaye ndui ikaingia msafarani. Emin akamwamuru Stuhlmann arudi na wenye afya, yeye mwenyewe akabaki na wagonjwa. Oktoba 1892 aliuawa Kongo. Madaftari yake yalipatikana, na Stuhlmann, yule yule aliyeamriwa kurudi, ndiye aliyeyatengeneza yakapigwa chapa miaka mingi baadaye.