Tesla, tangi la samaki na haki ya fundi

Wiki iliyopita mpwa wangu, ambaye ni fundi wa stima hapa Hola, aliniletea boksi la taa kutoka kwenye tangi la samaki la kinyozi mmoja. Tyubu nene ya wati 20 ilikuwa imekufa, na madukani alipata ile nyembamba kidogo ya wati 18. Swali lake: je, choki ya zamani itaiwasha?

Nilimjibu itaiwasha. Zote ni za futi mbili, miguu ni ile ile na mkondo wake umekaribiana. Ila asije akalazimisha zile nyembamba zaidi, T5. Miguu yake ni mingine, mkondo ni mwingine, nazo hutaka balasti yao.

Akaniuliza tena: mbona asiiunge moja kwa moja kwenye betri ya sola? Hapo ndipo nilipomsimulia habari za Nikola Tesla. Vijana wetu wanalijua jina hilo kwa sababu ya magari, basi.

Tesla alizaliwa mwaka 1856 kijijini Smiljan, katika nchi iitwayo Kroatia leo. Baba yake alikuwa kasisi. Mama yake hakusoma, lakini alikuwa hodari wa kujitengenezea vifaa vya nyumbani. Tesla mwenyewe alisomea uhandisi mjini Graz na akaondoka bila shahada. Mpwa wangu, aliyeacha chuo kwa kukosa karo, hapo aliinua kichwa.

Mwaka 1884 Tesla alifika New York akafanya kazi kwa Edison. Hawakudumu pamoja, na baada ya hapo ilimbidi achimbe mitaro apate riziki. Mwaka 1888 George Westinghouse alinunua haki za mota na mitambo yake ya umeme wa kwenda na kurudi. Ndio huu tunaoutumia, unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde.

Choki inautegemea mwendo huo. Mvuke wa zebaki ndani ya tyubu ukishawaka hauna breki, huvuta mkondo zaidi na zaidi mpaka kitu kiungue. Choki ni waya uliozungushwa kwenye chuma, na kila umeme unapogeuka, sumaku yake huuzuia. Umeme wa betri haugeuki, kwa hiyo choki haiwezi kuushika. Mwenye sola atumie inveta, au balasti iliyotengenezewa betri. Na kwa kuwa chini ya taa hii kuna maji, stima izimwe kabisa na mikono ikauke kabla ya kugusa chochote.

Mwaka 1891, mbele ya wataalamu mjini New York, Tesla aliwasha tyubu za kioo bila kuziunga kwa waya, kwa umeme unaogeuka kwa kasi kubwa mno. Balasti za elektroniki za leo hufuata njia hiyo ya kasi, zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Ndiyo maana hazivumi wala taa haipepesi.

Lakini mwenye akili hii hakufaidi jasho lake. Westinghouse alipobanwa na wadai, Tesla alikubali kuachilia malipo aliyoahidiwa. Mwaka 1895 karakana yake iliteketea kwa moto. Mnara mkubwa alioujenga karibu na New York ulikosa fedha, na mwaka 1917 ukabomolewa. Tyubu za mwanga zilipoanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1938, faida ilikuwa ya makampuni. Tesla alifariki Januari 1943, akiwa na miaka 86, peke yake katika chumba cha hoteli, akiwa na madeni.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuifunga taa. Iliwaka mara moja, na samaki wanaonekana vizuri. Kinyozi alifurahi sana, akamwambia atamlipa mwisho wa mwezi.

Ndugu zangu wa Hola, Garsen na pwani yote, tunawasifu mafundi wetu kwa maneno na kuwalipa kwa ahadi. Dini yetu imetufunza kumlipa mtu ujira wake kabla jasho halijakauka. Taa ikishawaka, basi, toa mfukoni.