Louis Pasteur na Waonjaji wa Divai

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu, twapenda kuwasimulia wanachama wa Pande na vijiji jirani maisha ya bingwa ajulikanaye duniani kote. Wengi wetu divai hatuinywi. Hata hivyo kisa hiki chamhusu kila mkulima aliyepata kusimama ghalani akingoja kuambiwa korosho zake ni za daraja gani.

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1822, mjini Dole, Ufaransa, mwana wa fundi wa kutengeneza ngozi. Alikulia Arbois, penye mashamba ya mizabibu, kisha akawa mtaalamu wa kemia. Mwaka 1863 Mfalme Napoleon III alimtaka achunguze sababu ya divai kuharibika na kuwatia watu hasara. Pasteur akaona kuwa vijidudu ndivyo viiharibuvyo, na kwamba kuipasha moto kiasi, pasipo kuichemsha, huviua.

Wenye divai wakahofu kuwa moto utaondoa ladha. Basi mwaka 1865 ikakutana Paris kamati ya waonjaji, wakawekewa divai iliyopashwa moto na isiyopashwa. Baadhi yao wakadai kuna tofauti. Pasteur akaingiwa na shaka. Siku nyingine akawapa, bila wao kujua, bilauri mbili za divai ile ile moja. Hata hapo wakaona tofauti! Walikuwa mabingwa wa kazi yao, lakini dhana iliutangulia ulimi.

Meli Jean Bart ilipakia lita 500, nusu zimepashwa moto. Baada ya miezi 10 baharini, iliyopashwa ilikuwa njema, na ile nyingine imeanza kuingia ukali.

Mwaka 1885 Pasteur alimtibu mtoto kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Akafa tarehe 28 Septemba, 1895, mwaka ule ule Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya huku kwetu Kilwa.

Ndugu wanachama, mpanga madaraja asijue gunia ni la nani. Akijua, dhana itamtangulia, awe mwaminifu namna gani. Nasi wakulima tukaushe korosho vema, tusichanganye ufuta na mchanga. Chama hudumu maadamu mkulima aliamini daraja aliloandikiwa.